Hanywi Dawa, Anatiwa Maji

Neno "wiki" kwenye karatasi ya Mama Salima niliandika mimi. Nililiandika kwa kalamu ya bluu, juu ya neno "mwaka" ambalo nilikuwa nimelikata kwa mstari mmoja ulionyooka, kama mwalimu anayesahihisha imla. Kwa miaka mingi nimesema mwandiko ule si wangu. Nilimwambia hivyo daktari wa meno, nikawaambia wauguzi, nikawaambia wanafunzi walioletwa kwangu kujifunza kazi, na siku moja, bila kuulizwa na mtu, nilimwambia mume wangu akiwa anakula. Aliacha kutafuna. Mwandiko ni wangu. Ile "k" yenye mkia mrefu hakuna mtu mwingine hapa Kasongo anayeiandika. Na kwa ajili ya neno hilo moja, mwanamke wa Kabambare nusura afukuliwe taya.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya picha za mifupa na meno. Sina ushauri mwingi. Siwezi tu kukaa kitako. Niliacha kazi kabla ya wakati, mgongo ulinikatalia, na watu waliniambia sasa nitapumzika. Nimehamisha kabati la vyombo mara tatu tangu mvua zianze. Ninatoka nje, ninarudi, ninatoka tena. Jirani yangu hukaa barazani akichambua mchele na kuniangalia. Jana aliniuliza, "Mama Radio, unatafuta nini tangu asubuhi?" Nikamwambia natafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Hilo jina la Mama Radio linahitaji maelezo, kwa sababu ninyi mtalirithi. Kwetu mtu hapigwi picha ya mfupa, anapigwa radio. Kwa hiyo mlango wangu uliandikwa RADIO kwa rangi nyekundu, na katika mwezi wangu wa kwanza wa kazi alikuja mzee mmoja kutoka Lusangi, ametembea tangu alfajiri, amevaa koti zito juani. Nilimkalisha, nikamfunga ile aproni nzito, nikamwambia afungue mdomo. Alifungua, akasema, "Shemeji yangu amekufa juzi. Munitangazie." Alidhani ninasema hewani. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma iliyofungwa kwenye plastiki, na mgonjwa wangu wa kwanza wa meno alikuwa mtu aliyeleta tanzia.

Aliyenifundisha kazi yenyewe, ukiondoa ile ya kwenye diploma, alikuwa Papa Assumani. Hakuwa na shule ndefu. Alikuwa na pua. Aliweza kuingia katika chumba cha giza na kusema kwa harufu tu kama dawa ya kutokeza picha imechoka. Filamu za meno ni ndogo, hazizidi stempu mbili za posta, nasi tulizichovya kwenye mitungi ya kioo, tukazisuuza kwa maji ya mvua kwa sababu maji ya kisima yaliacha chumvi, kisha tukazianika kwa vibanio vya nguo. Ukipita ungedhani tunafua nguo za panya.

Papa Assumani alikuwa na utaratibu wake wa kulaumu, alioniwekea siku ya kwanza. "Picha ikikuya mubaya, mutoto wangu, kwanza laumu maji. Halafu laumu mukono yako. Mugonjwa awe wa mwisho." Niliuandika kwenye daftari, nikaupigia mstari chini. Mtaona mbele nilivyoutumia.

Alinifundisha pia kwamba mtu anayetapika ukimtia filamu mdomoni hatulizwi kwa maneno. Mwambie anyanyue mguu mmoja, aushike hewani, apumue kwa pua. Akili yake itakwenda kwenye mguu na koo litasahau. Nimenyanyulisha miguu ya machifu na ya masheikh, na mara moja ya bibi harusi aliyevaa kamili.

Jambo lingine. Ile filamu ina mbele na nyuma, na nyuma yake kuna karatasi nyembamba ya risasi, ile metali. Msilitaje hilo neno mbele ya mgonjwa. Mimi nilimwambia mama mmoja, kwa sauti ya kisomi, "Usiogope, kuna risasi kidogo tu." Alikuwa amekimbia vita mara mbili. Alitoka mlangoni na aproni yangu shingoni, na tulimpata sokoni.

Ukiigeuza filamu, nyuma ikawa mbele, picha hutoka imefifia na ina alama za mistari mistari kama njia ya matairi. Sikulijua hilo. Alikuja mchimbaji wa dhahabu kutoka Salamabila, shavu limevimba, siku mbili juu ya pikipiki. Nilipoosha picha yake niliona matairi yamepita juu ya taya. Nikatoka mbio.

"Papa, huyu mutu alikanyagwa na pikipiki!"

Papa Assumani aliinua filamu dirishani, akaniangalia mimi, akaiangalia filamu.

"Ndiyo," akasema. "Alikanyagwa. Na wewe."

Ninawaambia haya mapema ili mjue kwamba nilikuwa mtu wa kukosea kama watu wote. Kosa la matairi nilikuwa nikilisimulia kwenye kila sherehe. Kosa la kalamu nililificha. Tofauti yake ni kwamba katika lile la kwanza nilikuwa mjinga, na katika la pili nilikuwa fundi.

Mama Salima alikuja kwangu mara ya kwanza peke yake. Papa Assumani alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kile chumba. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mke mkubwa wa mfanyabiashara wa mafuta ya mawese wa Kabambare, na alikaa kwenye kiti kama aliyekuja kununua kiti chenyewe. Alikuwa ameng'olewa jino la nyuma, upande wa chini, na mahali pale bado palimuuma. Karatasi ya mapokezi ilitakiwa kujazwa kwa Kifaransa, lakini muuguzi wetu alijaza kwa Kiswahili, alisema Kifaransa chake kilibaki shuleni. Iliandikwa: *Jino liling'olewa mwaka jana.*

Jino likitoka, huacha shimo kwenye mfupa. Kwenye picha shimo hilo ni jeusi, limezungushiwa mstari mweupe mwembamba, kama mdomo wa chungu. Wiki zinavyopita mfupa mpya huingia, weusi hufifia, ule mstari hupotea. Baada ya mwaka mzima, mtu asipokuonyesha kwa kidole hutajua kwamba hapo palikuwa na jino. Hayo niliyajua kama ninavyojua njia ya kwenda kanisani.

Picha ya Mama Salima ilionyesha shimo jeusi, wazi, lenye kingo kali. Mstari mweupe ulikuwepo, tena mnene kuliko wowote niliowahi kuona, na mfupa wa pembeni ulikuwa mweupe mno, mzito, kama chokaa. Sikulaumu maji. Sikulaumu mkono. Niliruka moja kwa moja hadi kwa mgonjwa.

"Mama, hili jino lilitoka lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana?"

"Mwaka jana, mama. Mbele ya Ramazani."

"Mama Salima, mimi minaona ndani ya mufupa. Hili shimo halina hata mwezi."

"Basi mufupa yangu iko na mwaka yake," akasema.

Nilicheka. Nikachukua kalamu, yeye akiwa amekaa hapo, magoti yetu karibu yagusane, nikakata "mwaka", nikaandika "wiki". Jino liling'olewa wiki jana. Sasa karatasi na picha vilikubaliana, na mimi napenda vitu vikubaliane. Nikaenda kwenye swali la chini, lile la kila mtu.

"Unakunywa dawa gani?"

"Mimi? Sinywi dawa."

Nikaandika: *Hakuna.* Nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Hiyo ndiyo kazi yote niliyomfanyia.

Baada ya miezi minne alirudi, na safari hii hakuwa peke yake. Alikuja na mke mwenzake, Mama Tabu, mdogo kwa miaka mingi, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Walikuja kwa pikipiki moja, watatu pamoja na dereva, na Mama Tabu alishuka akilalamika kwamba yaya yake, ndivyo alivyomwita mke mkubwa, ana mifupa ya kuchoma.

Mama Salima alifungua mdomo, nami nikarudi nyuma hatua moja kwa harufu. Pale kwenye fizi, mahali pa jino, mfupa ulikuwa umetokeza nje. Mdogo, wa manjano, kama punje ya mahindi. Meno mawili ya jirani yalikuwa yanacheza.

Nilipiga picha. Niliosha picha. Shimo lilikuwa lile lile. Halikujaa hata kidogo. Mnajua mashimo ya Salamabila, yale wachimbaji wanayoyaacha: mvua mbili tu na yamejaa tope, mtoto anapita juu. Hili lilikuwa limepita msimu mzima wa mvua na lilikuwa kama limechimbwa asubuhi ile. Niliitafuta bahasha ya zamani, nikaziweka filamu mbili dirishani, moja kando ya nyingine. Hata mimi nisingeweza kusema ipi ni ya lini.

Wakati huo daktari wa meno hakuwa wa kudumu kwetu. Dokta Musafiri alikuja kila baada ya miezi miwili, akakaa siku chache, akaondoka Ijumaa na vyombo vyake kwenye sanduku la bati. Alikuwa kijana kwangu, mpole, mwepesi wa mikono, asiyependa maneno mengi. Ilikuwa Jumanne. Alizichukua zile filamu, akasoma karatasi ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga.

"Mama, hapa kumekatwa. Palikuwa 'mwaka', pakaandikwa 'wiki'. Nani alibadilisha?"

Swali hilo lilikuwa jepesi. Jibu lake lina neno moja, tena fupi.

"Sijui, Dokta," nikasema. "Si mwandiko wangu. Labda mapokezi."

Akatikisa kichwa. "Basi ni wiki. Maana kama ingekuwa mwaka, ningeogopa." Kisha akanieleza mpango wake, kwa heshima, kama mtu anayemweleza mwenzake. Jino lilitoka miezi minne iliyopita, kidonda kikaingia uchafu, mfupa ukaoza. Alhamisi atang'oa yale mawili yanayocheza na kukwangua mfupa mpaka afike panapotoka damu. "Ngoja ngoja haitamsaidia. Ijumaa naondoka."

Mama Salima mwenyewe alikubali kwa kichwa kabla daktari hajamaliza. Alikuwa hajalala kwa wiki tatu. "Toa," alisema. "Toa hata yote."

Nilitoka nje. Nikarudi. Nikapanga bahasha ambazo zilikuwa zimepangwa. Nikatoka tena, nikawakuta wale wake wenza kwenye benchi la kivuli, Mama Tabu anakula karanga, Mama Salima anamtazama anavyokula. Sikujua nataka kuuliza nini. Nikauliza lile lile la kwenye karatasi.

"Mama Salima, kweli hunywi dawa yoyote?"

"Nilikuambiaka. Sinywi."

"Hata kidonge?"

"Mama Radio, unataka nikuapie?"

Mama Tabu akatema ganda la karanga. "Usimusumbue. Yaya hanywi kitu. Kunywa, hanywi." Akacheka peke yake. "Anatiwa. Kule Bujumbura walikuwa wanamutia maji kila mwezi, miaka mbili, wanamuloweka kama muhogo. Mi nilisema atarudi laini. Amerudi mugumu vile vile!"

"Tabu, funga kinywa."

"Cha kwangu kinafungika. Cha kwako ndicho kinanuka."

Nilikaa katikati yao, bila kukaribishwa. "Maji gani?"

"Maji," akasema Mama Salima. "Ya chupa. Serumu. Wananitundikia, inashuka, narudi nyumbani."

"Ya nini?"

Akageukia barabara. Mama Tabu akaweka karanga chini, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mwambie, yaya."

Alikuwa amekatwa titi. Bintiye anayeishi Bujumbura alimchukua, akakatwa huko, na ugonjwa ulipoonekana kwenye mifupa ya mgongo wakampa ile serumu ya kila mwezi, ya kukaza mifupa isivunjike. Alinieleza yote haya akiangalia barabara. Nikamuuliza, sauti yangu ikipanda bila ruhusa yangu, kwa nini hakusema siku ile ya kwanza.

"Nilikuya juu ya jino," akasema. "Uliniuliza kama minakunywa dawa. Ungeniuliza juu ya titi, ningekujibu juu ya titi."

Hapo ninataka msimame kidogo, ninyi vijana, hata kama mimi siwezi kusimama. Kwetu dawa hunywewa. Kidonge hunywewa, ingawa hakina maji. Lakini sindano huchomwa, serumu hutiwa, mafuta hupakwa, mzizi hutafunwa, na chale huchanjwa. Ukimuuliza mtu wa kwetu Maniema anakunywa dawa gani, umemuuliza juu ya koo lake tu, naye kwa uaminifu atakujibu juu ya koo lake. Mama Salima hakudanganya hata kwa silabi moja. Nilikuwa nimezaliwa katika lugha ile, nikaenda chuo kikuu kujifunza swali la kwenye fomu, nikarudi nalo nyumbani bila kulisikiliza. Tangu wakati ule mpaka naacha kazi niliuliza yote: umekunywa nini, umechomwa nini, umetiwa nini, umepakwa nini, umechanjwa nini, mwaka huu na miaka ya nyuma, hapa na safarini. Wagonjwa walichoka. Mmoja alisema, "Mama Radio, hata baba mukwe hakuniuliza hivi." Waacheni wachoke.

Nilimkimbilia Dokta Musafiri. Alisikiliza, mikono ikiwa kwenye maji ya sabuni.

"Serumu gani?"

"Ya mifupa, wanasema."

"Mama, serumu ya malaria wanaiita maji, ya glukozi wanaiita maji. Watu wakitoka safari kila chupa ni ya mifupa." Alikausha vidole kimoja kimoja. "Iko dawa ya namna hiyo, nimeisoma. Mfupa ni kama nyumba ya udongo. Kuna wanaobandua udongo wa zamani, na nyuma yao kuna wanaokandika mpya. Ile dawa inawalaza wanaobandua. Nyumba haibomoki, sawa. Lakini ukitoboa ukuta, hakuna wa kusafisha tundu, na asiyesafishiwa hakandiki. Tundu linabaki. Ukilikwangua, unalipanua. Linaweza kufika sikioni." Akaniangalia. "Lakini ningeamini kama shimo lingekuwa la mwaka na zaidi. Hapa tuna wiki na miezi minne, na uchafu peke yake unaweza kufanya hivi. Niletee jina la dawa na tarehe ya jino kutoka karatasi za huko; neno lake la mdomo lilishakatwa hapa. Bila hivyo siwezi kumwacha mtu na usaha kwa miezi miwili kwa sababu ya hadithi ya muhogo."

Tarehe ya jino alikuwa nayo kwenye karatasi, chini ya kalamu yangu. Ningeweza kumpa pale pale. Nikasema nitatafuta jina.

Karatasi zote za hospitali zilikuwa kwa binti, Zawadi. Simu ya Mama Tabu ilikuwa na namba yake, imeandikwa "Buja". Tulipiga. Haipatikani. Siku hizo mtandao wetu ulikuwa mlimani, karibu na parokia, na tulipanda, mimi mbele, Mama Tabu nyuma akiwaita mashetani wa mlima kwa majina. Haipatikani. Tukatuma ujumbe. Jioni nikapanda tena peke yangu. Ujumbe ulikuwa umekwenda, jibu halikuja.

Jumatano nilipanda mara nne. Kazini niliweka filamu nyuma mbele, matairi tena, baada ya miaka yote ile. Mchana nilikwenda hadi nyumba ya wageni alikofikia daktari, nikiwa nimejipanga njia nzima: Dokta, lile neno. Dokta, ile wiki. Nilimkuta anakula wali na samaki. Aliinuka, akanipa kiti, akauliza, "Kuna shida, Mama?" Nikamwambia jenereta inatoa moshi. Tukaongea juu ya jenereta nusu saa. Nilimweleza mpaka ukubwa wa plagi.

Msiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe nikihamisha lile kabati. Sikuogopa kufukuzwa, hakuna mtu angenifukuza, hawakuwa na mwingine. Nadhani niliogopa kuonekana na Papa Assumani, ambaye alikuwa kaburini.

Alhamisi asubuhi Mama Salima aliingia kwenye kiti. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilijipa kazi ya kushika taa. Mama Tabu alisimama mlangoni na simu yake mkononi, ameikumbatia kama yai. Kwa bahati ile wiki walikuwa wameweka antena mpya upande wa soko, na kile chumba kilikuwa kinapata vijistari viwili ukisimama pale pale mlangoni, usipotikisika. Mama Tabu hakutikisika. Hilo peke yake lilikuwa muujiza.

Daktari alimchoma sindano ya ganzi. Tukasubiri. Mdomo wa Mama Salima ulilegea upande mmoja. Koleo lilikuwa kwenye sinia, na kijiko cha kukwangulia, na kingine kidogo zaidi. Daktari akagonga jino. "Unasikia?" Mama Salima akatikisa kichwa. Daktari akanyoosha mkono kwenye sinia.

Simu ikalia.

Mama Tabu alipiga kelele kana kwamba imemuuma. "Buja! Ni Buja!" Akaiweka kwa sauti ya wazi, akainyoosha ndani ya chumba, miguu yake imebaki pale pale kwenye vijistari.

"Mama mudogo? Simu yangu ilianguka kwenye maji, nimeona ujumbe sasa hivi. Mama iko wapi? Iko muzima?"

"Iko kwenye kiti, wanataka kumung'oa. Soma jina! Soma jina ya maji!"

Tulisikia karatasi zikifunguliwa. Mlango ukafungwa huko, redio ikazimwa. Zawadi alisoma herufi moja moja, kwa Kifaransa, kama mtoto wa darasa la kwanza. Z. O. L. E. D. Dokta Musafiri alimalizia neno kabla yake, polepole. Asidi zoledroniki, ile dawa ya mifupa aliyoisoma.

"Ndiyo, ndiyo hiyo," akasema Zawadi. "Unaijua?"

"Alitiwa mara ngapi?"

"Kila mwezi, miaka mbili. Karatasi zote ziko hapa, zina mihuri."

"Na jino la chini, la nyuma, lilitoka lini?"

"Mwaka jana, Dokotere. Hapa hapa Bujumbura, mbele ya Ramazani. Mimi mwenyewe nilimushika kichwa."

Daktari aliichukua ile karatasi ya kwanza kutoka kwenye bahasha, akaitazama tena, sasa bila kuiinua kwenye mwanga. "Hapa kwetu imeandikwa wiki jana."

"Wiki jana?" Sauti ilipanda, ikajaza chumba. "Nani aliandika vile? Nani anaweza kuandika vile?"

Daktari alinigeukia. Hakuwa na hasira, alitaka tu kujua. Mama Tabu naye akanigeukia. Nikaisogeza taa hadi usoni kwa Mama Salima, kana kwamba kazi inaendelea.

"Sijui," nikasema. "Si mwandiko wangu."

Mama Salima alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti. Alikuwepo siku ile. Goti lake lilikuwa karibu na langu, na kalamu ilipita mbele ya macho yake. Aliinua mkono, akasukuma taa yangu pembeni ili amwone daktari, akasema kwa nusu ya mdomo, maneno yakimwagika upande:

"Zawadi, wacha mambo ya kalamu. Muulize Dokotere. Anang'oa, ao hang'oi?"

Hakuna aliyehitaji kumuuliza. Dokta Musafiri alichukua koleo, akalirudisha kwenye sanduku la bati. Akachukua kijiko cha kwanza, kisha kile kidogo. Akafunga kifuniko.

"Sing'oi, Mama," akasema. "Usaha tutautibu kwa dawa ya kunywa. Leo hakuna chuma kitakachoingia humo."